Chaja ya Kumi na Nne

Saa mbili kasoro robo asubuhi, baridi ya Nyeri ingali inauma masikio, na Wawira Njoka tayari ameshika nyundo. Ameketi kwenye stuli ndani ya kibanda chake mtaani Majengo, hatua chache kutoka msikitini. Mbele yake kuna chaja mpya ya simu ambayo hakuna kastoma aliyewahi kuigusa. Anaifunika kwa kitambaa, anainua nyundo na kuipiga mara moja tu. Paa! Ganda linapasuka katikati.

"Pole yake," anasema huku akicheka. "Katika boksi, moja lazima ife ndio tujue tabia ya zile zingine."

Kisha anafungua kiberiti. Ndani hamna njiti hata moja, mna punje za mchele. Anachagua moja kwa ncha ya kucha, anailaza juu ya ubao mdogo wa kijani uliokuwa ndani ya chaja, na kuuinamia kama mtu anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto.

Chaja, anaeleza, ina pande mbili. Upande mmoja unaingia stima ya ukutani, volti mia mbili na arobaini, ile inayoua. Upande wa pili unatoka stima ndogo ya kulisha simu. Kati ya pande hizo panatakiwa pawe na nafasi ambayo stima haiwezi kuiruka.

Kipimo cha Wawira ni punje ya mchele wa Mwea, ule mrefu wa pishori. Punje ikilala yote kwenye nafasi hiyo bila kugusa shaba upande wowote, boksi linapanda rafu. Nafasi isipotosha, boksi linarudi lilikotoka, na aliyelileta atausikia mdomo wa Wawira.

Leo punje imelala vizuri. "Hii ni mzuri," anasema. "Hii inaweza kulala na wewe nyumba moja."

Punje hizo hutoka kwa Abdiweli, jirani yake anayeuza mchele na viungo duka la pili. "Mimi nauza kwa kilo, lakini huyu dada anataka kwa punje," Abdiweli anatutania kutoka mlangoni pake. "Na bado anachagua! Ati nimpe zile hazijavunjika!"

Ila macho ya mgeni yeyote anayeingia kibandani hapa hayakai sana kwenye nyundo wala kwenye mchele. Huenda ukutani, nyuma ya Wawira, ambako kuna ubao wenye misumari kumi na minne. Misumari kumi na mitatu imeangikwa chaja nyeusi za aina moja, zote zimevunjwa pini. Msumari wa kumi na nne uko mtupu.

Mwandishi huyu anauliza, kama kila mtu anavyouliza, na Wawira hafichi.

"Huo ni wa ile sijapata," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Iko mahali. Iko kwa soketi ya mtu, na huyo mtu hajui. Mimi ndio nilimuuzia."

Wawira, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka thelathini na saba, alizaliwa kijijini juu ya Kerugoya, katika familia ya wakulima wa kahawa. Alipomaliza kidato cha nne na karo ya chuo kukosekana, aliajiriwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha wakulima wa pale. Alikaa kwenye mizani hiyo miaka sita, na mkono wake ukageuka mizani.

"Nilikuwa nikiinua gunia kidogo tu, nakuambia kilo kabla mshale haujatulia," anasimulia bila haya. "Siku moja mzee fulani alileta lake. Niliinua, nikaweka chini, nikamwambia, mzee, toa jiwe. Aliniangalia kama mchawi. Lakini alitoa!"

Alipoolewa Nyeri alianza kwa kutembeza vifuniko vya simu na spika za masikioni kwenye sinia. Miaka minne baadaye akapata kibanda, na mkono wake wa kahawa ukapata kazi mpya. Aligundua kwamba chaja nzuri ina uzito, kwa sababu ndani yake mna vitu vingi vya kuilinda, na kwamba feki nyingi ni nyepesi kama ganda la yai. Basi akawa anazipima kiganjani, na hakukosea. Watu walimletea chaja walizonunua kwingine ili tu azipime. Wakambandika jina, Wawira wa Mizani.

Biashara si ya kutajirisha. Siku nzuri hubaki na shilingi elfu moja na mia tano mfukoni, na wiki ya mvua nyingi huweza kukosa hata mia tatu kwa siku. Chaja zake huanzia shilingi mia saba. Barabarani, mita hamsini tu kutoka hapo, kuna za mia moja na hamsini.

Ndiyo maana kila asubuhi huanza kwa ubishi. Wa leo unaletwa na Griffins, mwendesha bodaboda mwenye koti zito la mvua, ambaye anaegemea dirisha na kutoa noti yake.

"Madam, niko na mia mbili. Nipatie yoyote."

"Yoyote sina. Niko na ya mia saba."

"Ai! Chaja ni chaja!"

"Na breki ni breki? Ukienda kununua ya pikipiki yako, unasema nipatie yoyote?"

Griffins anacheka, anajikuna shingo. Wawira hampi nafasi ya kupumua. Anamwomba ile anayotumia, naye anaichomoa kutoka mfuko wa ndani. Wawira anaigeuza juu chini. Haina jina la mtengenezaji. Haijaandikwa inameza volti ngapi wala inatoa ngapi. Anaisukuma kwenye soketi iliyozimwa, na pini zake haziingii zote, nusu kidole imebaki nje.

"Hii ikiwa kwa stima, mtoto anaweza kugusa hiyo pini iko nje," anamwambia. "Niambie ukweli. Ukiwa umechomeka simu, kioo huwa inacheza yenyewe? Unabonyeza hapa, inafungua pale?"

"Eeh. Nilifikiria simu ni mzee."

"Simu haina shida. Ni chaja inaleta stima chafu. Ukiona simu inacheza hivyo, usiguse tena. Zima ukutani kwanza. Na ikipata moto mpaka huwezi kuishika, ama ikinuka, ama ikilia kama nzi, hiyo ni ya kutupa."

"Na stika ya ubora? Hii iko nayo."

"Stika inachapishwa, Griffins. Hata mimi naweza kukuchapishia ya kukuita daktari."

Waliosimama nje wanaangua kicheko. Griffins anaondoka bila kununua, lakini ameiacha chaja yake mezani ipigwe nyundo, na ameahidi kurudi jioni na mia tano iliyobaki. Wawira ana hakika atarudi. "Wanarudi," anasema. "Kwanza wanakasirika, halafu wanarudi."

Hapo ndipo anapovuta stuli na kusimulia jinsi mkono aliouamini hivyo ulivyomwangusha.

Ilikuwa Machi mwaka jana. Aliletewa boksi la chaja ishirini na muuzaji wa jumla kutoka Nairobi, mtu ambaye leo hapatikani kwa simu. Bei ilikuwa ya kupendeza. Wawira alizipima kiganjani moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa nzito kama zile bora kabisa alizowahi kuuza.

"Nilisema, hizi ndizo. Sikufungua hata moja. Kuvunja chaja ilikuwa ni hasara, na mkono ulikuwa umeshaniambia."

Wiki tatu baadaye, Phyllis, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Mweiga, alisimama dirishani na mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Kwenye mkono wa kulia alibeba chaja ndani ya karatasi ya sukari.

"Nilikuwa nimetoka kukamua," Phyllis anatueleza tunapomtembelea kwake, huku akionyesha makovu ya vidole vitatu. "Mikono imelowa. Simu iko kwa chaja, inaita. Niliposhika tu, nikajipata nimekaa chini, maziwa yote imemwagika, sijui jina yangu. Mungu ni mkubwa, mtu wa nyumba alizima stima."

Hakwenda Majengo kugombana, anasema. "Nilimwambia, Wawira, pesa yako kaa nayo. Nimekuja ujue, kwa sababu watu wanakuamini."

Wawira anasema ni afadhali angetukanwa. Alichukua nyundo mbele ya Phyllis na kuivunja chaja ile. Kikadondoka mezani kipande cha chuma kinene, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Kilikuwa kimegandishwa kwa gundi ndani ya ganda, hakikuunganishwa na chochote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuongeza uzito. Na kwenye ubao wa ndani, upande wa stima kali na upande wa simu zilikuwa zimekaribiana kiasi kwamba hata unywele ungejibana kupita.

"Nilikaa hapo chini nikalia," anasema. "Mimi! Mtu wa kutoa mawe kwa magunia ya watu! Nikauziwa jiwe, nikauzia wenzangu."

Chaja sita zilizokuwa bado rafuni alizivunja siku hiyo hiyo. Kumi na nne zilikuwa zimetoka, na hakuwa ameandika jina la mnunuzi hata mmoja. Basi alifunga kibanda na kuanza kuwatafuta watu kwa sura.

Alisimama mbele ya makanisa matatu baada ya ibada. Imamu wa Majengo alimtangazia baada ya swala ya Ijumaa. Akalipia tangazo kwenye redio ya lugha ya nyumbani, wiki nzima, akiwaomba watu wa Nyeri na Mweiga walionunua chaja nyeusi kwake wairudishe wapewe nyingine bure. Wengine walikuja wenyewe. Wengine aliwafuata. Moja aliikuta kwa kinyozi. Moja ilikuwa kando ya kitanda cha mwalimu wa chekechea, waya wake umepita chini ya mto wa mtoto mchanga. Wawira hakusubiri kueleza, aliing'oa kwanza, salamu baadaye.

Katika miezi miwili alipata kumi na tatu. Zaidi ya mwaka umepita, ya kumi na nne haijaonekana.

"Nikisikia king'ora ya gari la zima moto, nafunga kibanda," anasema. "Nafuata. Nauliza ni kwa nani, moto ilianza wapi. Mume wangu ananiambia niwache. Nitawacha aje? Hiyo ni yangu."

Jumamosi tuliandamana naye hadi Kerugoya, kuona mizani iliyomfunza kazi. Karani wa sasa alimtambua na kumpa gunia alipime kwa mkono. Wawira aliinua, akatamka, na mshale ukakubaliana naye kasoro nusu kilo. Wakulima walipiga makofi. Yeye mwenyewe alitabasamu kidogo tu. "Kwa kahawa bado niko sawa," akasema.

Kutoka hapo tukapanda kwa mama yake, Jeniffer Njoka, mjane wa miaka sitini na minane, ambaye alikuwa ametuandalia chakula tangu asubuhi. Nani asiyeijua sebule ya mama wa huku? Makochi yamevikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na kwenye kona limesimama kabati la vioo, limejaa vitu ambavyo havitumiwi. Vikombe vya harusi. Chupa ya chai yenye maua, bado iko kwenye nailoni. Kila zawadi aliyoletewa na watoto wake imo humo, safi, ikingoja wageni.

"Huyu mama yangu, ukimpatia sweta leo, atavaa siku ya kuzikwa," Wawira alitunong'oneza kabla ya kwenda jikoni nje kusaidia kupakua.

Mwandishi huyu alibaki sebuleni na Jeniffer. Simu ilikuwa imekaribia kuzima kwa picha nyingi za kiwandani, naye mama mwenyeji akaona inavyokodolewa macho.

"Mgeni wetu, moto imeisha? Ngoja."

Alifungua kabati, akasogeza vikombe, akatoa pakiti ndogo iliyofungwa vizuri. Aliirarua kwa heshima zote, kama mtu anayefungua barua. "Hii hakuna mtu ametumia. Mimi simu yangu ni hii kabambe, ndogo ya vibonyezo, iko na yake ya pini nyembamba. Nilisema siku moja atakuja mgeni wa maana."

Ni aibu kuandika, lakini ukweli uandikwe. Baada ya siku tatu za kufundishwa kuangalia jina, maandishi na pini, mwandishi huyu hakuangalia chochote. Mtu akikutolea kitu cha kabatini huanzi kukikagua kama polisi. Alitoa waya wake, akashukuru, akachomeka, akawasha. Simu ilianza kujaa. Kisha kioo chake kikaanza kucheza chenyewe, kikifungua hiki na kufunga kile.

Mkono ulikuwa tayari umenyooka kuishika simu Wawira alipoingia na sinia ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi.

"USIGUSE!"

Sinia ilianguka. Wawira alivuka sebule kwa hatua mbili na kuigonga swichi ya ukutani kwa kiwiko. Ndipo akainama na kuichomoa chaja. Nyeusi. Aina ile ile. Akaishika kiganjani, na uso wake ukabadilika.

Kisha akatoka nayo uani, akaiweka juu ya jiwe na kuipiga kwa mgongo wa panga. Kipande cha chuma kikaruka hadi kwenye majani.

"Mama," alisema, "hii ulipata wapi?"

"Si ni wewe ulileta? Pasaka. Na mkate na sukari na ile leso. Ulisema nikae nayo, Jethro akinitumia simu kubwa nitatumia."

Jethro ni kaka yake Wawira. Simu kubwa haijafika mpaka leo, na Mungu wa Jeniffer amlipe Jethro kwa uzembe wake.

"Na tangazo hukusikia? Wiki nzima, Mama! Redio yako haizimwi!"

"Nilisikia. Niliambia hata wamama wa kanisa, huyo ni Wawira wangu." Jeniffer alikuwa ameanza kukasirika kidogo, kama mzazi anayegombezwa mbele ya mgeni. "Ulisema watu wa Nyeri na Mweiga. Mimi ni wa Nyeri? Ukasema walionunua. Mimi nilinunua? Mimi nilipewa."

Wawira alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na akiwa pale pale akaanza kulia. Mama yake alijifunga leso vizuri, akakaa karibu naye, akamshika mgongo. Kwa mwaka mmoja na zaidi Wawira alikuwa amefuata ving'ora vya watu wengine, na hatari ilikuwa imelala nyuma ya vikombe vya mama yake. Iliyomwokoa Jeniffer ni ile tabia ambayo bintiye humcheka nayo kila Krismasi.

"Watu wakinunua huniuliza swali moja," Wawira alituambia akijifuta machozi. "Ati, Wawira, hii ungepatia mama yako? Na mimi hujibu haraka, eeh, ningempatia. Sasa angalia. Nilimpatia. Na roho safi kabisa, halafu nikasahau, nikaihesabu na zile nimeuza."

Jumatatu asubuhi, kibandani Majengo, msumari wa kumi na nne haukuwa mtupu tena. Abdiweli alifunga duka lake dakika tano aje kushuhudia, akaleta kilo nzima ya pishori, bure, akisema siku za kuomba kwa punje zimekwisha. Wawira aliangika chaja ile, akairudia kwa macho mara mbili, kisha akafungua boksi jipya na kuchukua nyundo.

Sasa ana mpango, na anausema kama mtu anayekuambia ratiba yake ya kesho. Anataka kuweka meza ya kukagua chaja bure siku za soko, aanzie Mweiga kwenye kituo cha kukusanya maziwa. Phyllis amekubali kuketi naye mezani, na vidole vyake vitatu, anasema, vitaeleza haraka kuliko mdomo. Kisha Karatina. Akiweka akiba ya elfu kumi na nane atanunua kipimo cha umeme cha mafundi. Mchele hata hivyo hatauacha.

Lakini meza ya kwanza kabisa haitakuwa Mweiga. Itakuwa Kerugoya, Jumapili ijayo baada ya ibada, kwa amri ya Jeniffer. Ameshawaambia wamama thelathini wa kanisa wafungue makabati yao na kuleta kila chaja waliyopewa na watoto wao, hata kama haijatolewa kwenye pakiti.

Jeniffer mwenyewe amepewa nyingine, ya boksi lililopimwa. Tulipompigia kujua kama ameanza kuitumia, alishangaa swali lenyewe. Ameiweka kabatini, mahali pa ile ya kwanza.

Wawira alipoelezwa hayo hakubisha. Alilaza punje ya mchele juu ya ubao wa kijani, akaifinyia jicho moja.

"Akae nayo," alisema. "Siku atakuja mgeni, itachaji. Ya hiyo boksi nilivunja moja mimi mwenyewe."